Intaneti ya Kasi na Gauni la Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja! Waya umetoboa ukuta, sasa tuna brodibendi. Mama kauliza ndiyo nini. Fundi wa mtandao kaona cherehani yangu, kasema: dada, bando la simu ni utepe, hii ni kitambaa kipana, vitu vingi vinapita kwa mpigo. Hapo nikaelewa! Jumamosi nitamwona mdogo wangu, huko ng'ambo, akijaribu gauni la harusi nililomshonea kwa vipimo vya kutajiwa kwenye simu. Harusi wiki ijayo. Likimkataa?

Jumatano, 5 Machi

Kisanduku cha intaneti alichotuachia fundi ni kizuri, taa za kijani. Kitaingia vumbi! Nimekishonea foronya — satini, bitana, lasi pembeni — nikakifungia kabatini na glasi za wageni. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa. Hiki kikae uchi kimekosa nini?

Alhamisi, 6 Machi

Intaneti inatambaa kama kobe. Fundi karudi, kafunua satini — kisanduku cha moto kama pasi! Kacheka mpaka kakaa chini. Eti mawimbi yanataka uwazi, na chombo kinataka kupumua. Aibu yangu! Ila kaulizia lasi nilinunua wapi.

Mama naye kawapa majirani paswedi ya intaneti yetu. Eti kutoa ni moyo.

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu katokea kwenye skrini! Mara — kaganda, mdomo wazi, gauni shingoni. Nachungulia nje: uchochoro mzima umeegemea ukuta wetu, kila mtu na simu yake, huyu mpira, yule tamthilia. Kumbe kitambaa ni kipana lakini ni kimoja. Kila mtu akikata chake, mimi nabaki na utepe! Nikapiga kelele: zimeni jamani, harusi! Wakazima, maskini. Halafu, kwa kukosa cha kutazama, wakaingia ndani wote.

Picha safi sasa, naona hata mishono. Mabega sawa. Urefu sawa. Kiunoni zipu imegoma. Majirani wananong'ona: fundi kabana gauni. Mimi? Kiuno sikikosei hata siku moja! Mdogo wangu kageuka ubavu, kaweka mkono tumboni, kidole mdomoni, ananitazama mimi tu.

Mungu wangu. Nitakuwa mama mkubwa!

Najifanya naandika vipimo, kumbe naandika hapa, kicheko kimenikaba. Mama yuko begani kwangu. Anasema tusikate simu, picha nzuri ila miwani yake ina ukungu, ngoja aifute amwone mwanawe vizuri. Kaivua. Anaifuta —