Kibao cha Baba Mkwe

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Lufingo hatujambo, migomba imekubali na babu yako anakusalimu. Umeniuliza kama naamini hilo wanalobishania walimu wako wa udaktari, kwamba ubongo wa mtu mzima unaweza kuota seli mpya. Nimesoma nikapiga vigelegele peke yangu jikoni!

Sikiliza. Nilipoolewa, mila yetu sisi Wanyakyusa ilikataza mke wa mtoto kuonana na baba mkwe wala kusema naye. Lakini mzee alitaka kujua kusoma, na pale nyumbani aliyejua nilikuwa mimi tu. Majirani walicheka, eti kichwa kile kimeshakauka. Basi yeye alikaa barazani, mimi jikoni. Niliandika herufi kwenye kibao, nikamtamkia mama mkwe, naye akampelekea na kumtamkia. Tulikwenda hivyo mpaka mahindi yakavunwa.

Siku moja kibao kikarudi na maneno ambayo sikuyaandika mimi: “Asante mwanangu.”

Kama zilikuwa seli mpya, mtapima ninyi. Mimi najua hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu niolewe.

Bibi yako