Kioo cha Dirisha la Mama

Mwimbi, 9 Juni 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila upepo wa huku utatung'oa.

Baba, wanafunzi wangu wa darasa la sita wamenicheka. Niliwaambia mwanga mweupe wa jua una rangi zote za upinde wa mvua, wakaangua kicheko mpaka nikatoka nje. Nimeapa nitawaonyesha kabla mvua hazijaanza. Nimejaribu kioo cha dirisha la ofisi: mwanga umeingia mweupe, umetoka mweupe, maana nyuso zake mbili ziko sambamba. Chupa ya duara ikatoa rangi kidogo pembezoni, basi. Inatakiwa pembetatu, pande zake ziegemeane. Nikipata vipande vitatu virefu, nitavisimamisha juu ya ubao, nivigandishe kwa nta, nijaze maji katikati. Cha shule siwezi kukikata. Naomba kile cha mama.

Mwanao,
Stefania

Ilemba, 23 Juni 1975

Stefania,

Marahaba. Magoti ni yaleyale.

Umerogwa? Kioo kile marehemu mama yako alikinunua kwa ulezi aliolima mwenyewe. Tulipohamia kijiji cha ujamaa nilikibeba mgongoni, kitanda nikakiacha. Tundu la dirisha liko tayari kwenye nyumba mpya, linakisubiri. Leo nikikate kwa sababu watoto wamecheka? Waache wacheke. Wachoree ubaoni.

Baba yako

Ilemba, 1 Septemba 1975

Mwanangu,

Hujambo? Tangu Juni hata salamu! Ukaidi huo si wangu, ni wa mama yako. Naye aliponuna, nyumba nzima tulikula ugali kimya.

Haya, umeshinda. Juzi nilikipeleka Chanji kwa fundi Muhidin. Alipoanza kukata nilitoka nje, sikutaka kusikia. Vipande vitatu hivyo, nimevifunga ndani ya blanketi langu, anakuletea Eustaki wa lori la ushirika. Vikikuvunjikia usiniambie.

Baba yako

Mwimbi, 30 Septemba 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kununa. Vimefika vizima.

Mara ya kwanza nta iliachia, maji yakanilowesha gauni, wakacheka tena. Nikagandisha upya. Jana tukafunga madirisha yote, tukaacha tundu moja tu la jua. Baba, ukutani! Kuanzia nyekundu mpaka zambarau, zote! Hakuna aliyecheka. Nililia mbele ya darasa wala sikuona haya. Rangi zimo kwenye mwanga, baba, kioo kinazitawanya tu.

Mwanao,
Stefania

Ilemba, 12 Oktoba 1975

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, hata magoti yamenihurumia.

Dirisha nimeliziba kwa ubao. Giza lipo, nitazoea. Lakini ubao huo nimeutoboa tundu moja, kama la darasani kwako. Likizo uje na hicho chombo.

Unasema rangi zimo kwenye mwanga, si kwenye kioo. Sawa, mwalimu, wafundishe hivyo wanafunzi wako. Hapa nyumbani mimi nitaziita za mama yako.

Baba yako