Isale la Kumpelekea Baba

Queensbury,
London.
Jumapili, 1 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Eufrasia,

Shikamoo Shangazi, na shikamoo nyingine kwa siku zote nilizokaa kimya. Naomba barua hii ikukute umekaa jikoni kwako Kilema, mguu juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, ingawa nakujua, uko shambani unakata majani ya ng'ombe. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyompa Generosa akuletee ilifika? Usiwagawie majirani, ni ya goti lako wewe. Na ule mfereji, wameuzibua au bado wanafanya vikao?

Sisi huku hatujambo. Bado nahudumia wazee kwenye makao yaleyale, na mwezi huu wamenipa zamu za mchana, namshukuru Mungu. Jua limetoka na Waingereza wote wamevaa kaptula, hata padri wetu nimemwona na magoti yake.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Shangazi, simu yako unaiweka spika, na nyumba nzima hadi muuza maziwa anachangia mazungumzo. Jambo hili nataka ulisome peke yako kwanza. Ni la Baba na Humphrey, na mwisho nitakuwa na ombi.

Wewe Krismasi ile tuliyokuja wote nyumbani ulifika kesho yake, umeshakuta wamenuniana. Mimi niliona. Humphrey alikodi gari Moshi, akataka lifike hadi mlangoni, na njia ilikuwa nyembamba. Baba alipokwenda misa, akaita kijana mwenye jembe wakang'oa masale yote ya mpakani, mimea ile aliyoipanda Babu. Baba akarudi na rozari mkononi akayakuta yamelundikwa kama takataka. Humphrey akamwambia, "Baba, ni majani tu, nitakujengea ukuta." Baba hakujibu. Hajamjibu mpaka leo. Humphrey akipiga simu, Baba anampa yeyote aliye karibu, hata mtoto wa jirani. Na huyo mdogo wangu naye kichwa chake unakijua, alisema hataomba radhi kwa sababu ya majani.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi uliopita.

Nina jirani yangu Surinder, yule mama wa Kisingasinga niliyekuambia alizaliwa Moshi mjini, baba yake akiwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kila mwaka, mwanzoni mwa Mei, huenda kuangalia maua msituni, nje kidogo ya London. Safari hii akanigongea mlango. "Haika, wewe iko hapa miaka yote hii, kazi na nyumba, kazi na nyumba tu. Twende nikuonyeshe maua." Gari lake ni bovu, kwa hiyo nikambembeleza Humphrey atupeleke. Akaja na binti yake Natasha, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila anakujibu Kiingereza.

Shangazi, usifikirie msitu kama ule wa mlimani kwetu. Ni mdogo, unauzunguka wote kabla maharage hayajaiva. Lakini ni wa zamani sana, wanasema haujawahi kulimwa hata mara moja. Watu wa kale walikuwa wanakata miti yake kwa kuni na kuiacha ichipue tena, kwa hiyo shina moja lina vigogo vitano au sita vimesimama pamoja kama mgomba na watoto wake. Chini yake ni maua ya bluu matupu, mpaka macho yanapoishia. Nilisimama pale nikatokwa na machozi, sijui hata kwa nini. Nilitamani ungekuwepo.

Pembeni mwa msitu kuna tuta refu la udongo na mtaro, na juu ya tuta miti mizee iliyopindapinda. Mzee mmoja anayejitolea kuulinda msitu alituambia kwamba huo ndio mpaka. Kila kizazi kimeurithi ulipo, hakuna aliyeusogeza. Nikamtazama Humphrey kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatafuta mtandao kwenye simu.

Kuna vibao vinavyosema usitoke kwenye njia. Wewe unadhani vilimzuia? Mwanao Humphrey alitaka picha ya kuwarushia watu wa nyumbani. Akaingia katikati ya maua na viatu vyake vikubwa, akamwita Natasha asimame mbele yake. Yule mzee akatufuata na fimbo yake. Hakufoka. Waingereza wakikasirika sana wanakuwa wapole, ndipo ujihadhari. Akasema hayo majani yakikanyagwa, ua linaweza kukaa miaka bila kuchanua tena pale.

Humphrey akasema, "Sorry, sorry." Hiyo sorry ya huku, Shangazi, mtu anakwambia hata wewe ukimkanyaga yeye. Kisha akaongeza, akicheka, "It's just leaves, though." Eti ni majani tu.

Natasha akamwinulia uso baba yake. "Daddy, that's what you said to Babu." Kwamba ndivyo alivyomwambia Baba yetu.

Alisema vile bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha. Yule mzee hakujua Babu ni nani, akatazama juu kwenye miti. Humphrey akambeba Natasha, akatoka mle ndani kinyumenyume, akikanyaga nyayo zake zilezile ili asiponde ua jingine. Sijawahi kumwona akitembea kwa uangalifu vile tangu alipokuwa anajifunza. Tulipokaa kula maandazi yangu na kachori za Surinder, yeye hakugusa. Humphrey, Shangazi! Kukataa chakula!

Tulipofika nyumbani alisimama kwenye korido ya Surinder, akaangalia chungu cha maua kilichopo pale. Ni isale. Huku linauzwa madukani, la kupamba ofisi, wanalimwagia maji Ijumaa na kulisahau. Akaomba jani moja. Surinder alikulia Moshi, anajua Mchaga haombi isale la kutazama. Alikwenda kuleta mkasi, akamkatia jani refu kuliko yote, akasema tu, "Salamu kwa mzee."

Humphrey alikuwa amesahau kulifunga fundo. Nilimwonyesha. Alilifungua na kulifunga tena mpaka likakaa sawa, na mimi niliyejiandaa kumsema nikashindwa. Alitaka nilitie kwenye bahasha nikutumie. Nikamwambia isale la kuomba msamaha haliji kwa stempu, wala halipelekwi na mkosaji mwenyewe. Linapelekwa na mtu ambaye anayeombwa hawezi kumfungia mlango.

Shangazi, mtu huyo ni wewe. Wewe ndiye dada yake mkubwa, wewe ndiye uliyembeba Baba mgongoni. Tunakuomba, mimi na Humphrey, ukate isale kwenye mpaka wako umpelekee. Mwambie Jotham wako akusindikize kwa pikipiki, usitembee na goti hilo. Mwambie Baba kwamba Humphrey amejua alichoking'oa. Atakuja Agosti na Natasha, atapanda masale upya kwa mikono yake, kuanzia barabarani hadi mferejini, na gari litalala barabarani. Hayo ni maneno yake mwenyewe, nimemrudisha ayaseme mara ya pili ili nisikukosee.

Baba ana haki ya kukasirika, simlaumu. Lakini umri wake umekwenda, na mimi naogopa. Kila siku nawaona hapa kazini watoto wanaofika wakati mzazi hawezi tena kuwasikia. Sitaki mdogo wangu aje kuomba radhi kaburini.

Nisalimie Jotham na mkewe, Generosa, na yule ng'ombe wako mkorofi kama bado anapiga teke. Natasha anakusalimu, anauliza kama Agosti utampa tena ndizi za kuchoma. Surinder naye anakusalimu, ingawa hamjuani.

Mungu akutangulie katika safari hii, akutie maneno mdomoni na nguvu gotini. Baba akilipokea isale, nipigie saa yoyote. Humphrey tangu siku ile alipolifunga fundo anakuja kwangu kila jioni, anasingizia chai. Na siku hiyo, Shangazi, weka spika.

Mwanao akupendaye sana,
Haika