Reale ya Kimarekani Msumarini

Jumatatu, 2 Septemba 1968
Nimefagia chumba tena. Kilikuwa safi. Nimekunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja. Joto la kuchemka. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, na tangu mume wangu Nassor afariki nimeujua ukuta ule ufa kwa ufa.

Saif, ndugu yake, amekula katika chumba cha pili na mama yake. Mie simwoni, haifai, ila sauti naisikia. Kumposa mwenye eda haramu, kwa hiyo haposi. Anamweleza mama yake tu, kwa sauti ya kumfikia kiziwi, kwamba mjane wa ndugu huolewa humo humo, hatoki nje ya nyumba. Ana mke tayari, huko mjini Nizwa. Si mtu mbaya. Simtaki.

Alhamisi, 5 Septemba
Leo kaja mgeni. Mke wa Mwingereza ambaye Saif anamfanyia kazi ofisini. Kaja kutoa pole. Mama mkwe kamkalisha, kahawa, halwa, kisha hawakujua lugha moja, nikaitwa mie. Kiingereza changu kimepata kutu. Miaka minne sijasimama mbele ya darasa.

Macho yake yalikuwa msumarini. Mkufu wangu umetundikwa pale, maana mwenye eda havai pambo. Reale nne za Sham, zile sarafu kubwa za fedha, na ya katikati ya Kimarekani. Baba alinivisha siku ya harusi, Unguja. Tulipokimbia mapinduzi kuja huku niliushona ndani ya mto wa kulalia.

Akaomba kuushika. Kumbe anakusanya sarafu za zamani. Akatoa kioo cha kukuzia mkobani. Nilimtangulia kumwambia: nywele za yule bibi wa kwenye sarafu zimeachiwa, zina utepe, nyota zimemzunguka, nyuma tai mwembamba kama kuku aliyetoka kuatamia. Na mwaka ni wa kabla ya babu wa babu yangu. Akaniangalia vizuri. Baba alinifundisha, nikamwambia. Alikuwa karani wa forodha, na reale zote za dunia zilimpitia mkononi.

Alisema ikiwa ya kweli, atanipa cha kunifikisha Kuwait kwa dada yangu Rahma, na cha kuishi mpaka nipate kazi ya kufundisha. Ila za bandia ni nyingi. Reale hizi za mwanzo hazikuandikwa thamani usoni, zimeandikwa ukingoni, na ukingo wa yangu umefichwa na mshipi wa fedha uliotiwa na sonara ili itundikwe. Lazima mshipi utoke. Atarudi.

Alipoondoka nikaurudisha mkufu msumarini.

Ijumaa, 6 Septemba
Sikulala. Kuwait. Kuwait. Kuwait.

Jumanne, 10 Septemba
Sonara yuko Matrah. Mie siwezi kufika hata mlangoni. Ingekuwa siku nyingine ningejitia buibui nikaenda, nikasimama juu ya kichwa chake mpaka amalize. Eda imenifunga, na baada ya eda kuna Saif. Nimetoka Unguja roho mkononi kuja kufungwa baina ya kuta mbili.

Nimempa mama mkwe. Nilimwambia mshipi utolewe kwenye ile ya katikati. Sikumwambia kwa nini. Ni mama yake Saif.

Jioni nilimsikia anarudi. Husikika tangu ngazini, mabangili yake ya fedha yanagongana, mazito, ya siku ya arusi yake. Sonara kasema aachiwe, ana kazi nyingi. Kuna bibi kafariki mtaa wa pili na mapambo yake yote ya fedha yamo kwenye chungu cha kuyeyushia. Ndiyo ada ya hapa: fedha ya mwanamke aliyekufa haivaliwi na bibi arusi mwengine. Huyeyushwa, ikafuliwa upya.

Usiku huu nawaza kile chungu tu. Reale yangu iko pale, karibu ya moto, na mie niko hapa.

Jumamosi, 14 Septemba
Bado. Nimemuuliza mama mkwe mara mbili, akanitazama. Nisiulize tena.

Jumatano, 18 Septemba
Imerudi.

Mama mkwe kaifungua kwenye leso mwenyewe, uso umemjaa furaha. Inawaka kama kijiko kipya. Kasugua kwa ndimu na majivu, yeye mwenyewe, mpaka ule weusi wote ukatoka. Nywele za yule bibi zimelala, nyota zimefifia. Na ukingo sonara kaupiga tupa ukawa laini, ili masalio ya risasi ya kulehemia yasionekane. Herufi hakuna. Hata moja.

Baba alikuwa hata kupangusa kwa nguo hataki, sarafu ya zamani ikisuguliwa thamani huondoka. Kwangu ni jambo la kujulikana kama kunawa mikono, haikunipitia kulisema. Lakini nyumba hii mgeni haoneshwi kitu cheusi. Hata birika la kahawa husuguliwa kabla hajavuka kizingiti.

Nilisema ahsante. Kisha nikaenda kulia chooni.

Alhamisi, 19 Septemba
Mzungu kaja. Kaitazama kwa kioo, kaigeuza, kapitisha kidole ukingoni. Muda mrefu. Akaiweka juu ya sinia taratibu. Alisema alikuwa karibu na yakini kwamba ni ya kweli. Sasa ni fedha tu, kwa mizani, na kwa mizani hata reale ya Sham inaishinda. Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Alipoondoka mama mkwe akauliza kasemaje. Nikasema hakuipenda. Hakutosheka. Akauliza tena, na mie nikachoka, nikamwaga yote: kioo, ukingo, Kuwait, Rahma, na Saif. Nilisema wazi simtaki mwanawe. Nikangoja anitukane.

Kaketi karibu yangu. Kisha kanieleza jambo ambalo Nassor hakupata kunieleza. Nassor na Saif si wa baba mmoja. Alipokufa mume wake wa kwanza, eda ilipokwisha, aliolewa na ndugu wa marehemu. Hakuulizwa. Akanyanyuka akaenda kupika.

Jumapili, 20 Oktoba
Eda imekwisha. Nimeoga, nimebadili nguo. Nimesimama juu ya dari nikaona bahari na majabali. Nilidhani nitafurahi.

Saif kaposa leo leo, kabla ya adhuhuri. Nimesema hapana. Kwa sauti ya kumfikia kiziwi.

Kisha mama mkwe kaniita, kafunga mlango. Alikuwa na sabuni mikononi. Anayavuta mabangili, moja moja, na ngozi imenyanyuka nyekundu, maana hayajatoka tangu ujana wake. Nikamshika nimzuie. Akasema:

"Mie nikifa haya yatayeyushwa. Bora yayeyuke nnaona."

Nilimsaidia kwa maji.

Jumanne, 29 Oktoba
Sonara kayapima. Yanatosha nauli na zaidi kidogo. Saif kaamrishwa na mama yake akaniombee ruhusa ya kusafiri serikalini, na kaenda, kanuna. Jibu bado. Huenda likachukua miezi, huenda wakanyima. Nangoja. Ukuta ni ule ule.

Reale ya Kimarekani iko shingoni. Nikiipapasa, ukingo ni laini pande zote.

Alasiri mama mkwe kaniletea kahawa. Nilishtuka kumwona kasimama nyuma yangu. Siku hizi akiingia simsikii.