Chura wa Salamanca

Leire, mbona hupokei simu? Haya, naandika. Shukuru ulivunjika mguu ukabaki nyumbani.

Ni kuhusu Mwalimu Casilda.

Tulikuwa tumesimama mbele ya ule ukuta wa chuo kikuu hapa Salamanca, darasa zima shingo juu, tunamtafuta yule chura aliyechongwa juu ya fuvu. Si unajua wanavyosema, ukimwona mwenyewe bila kuonyeshwa, unafaulu mtihani. Gorka akaanza kubembeleza: "Mwalimu, tuonyeshe hata upande tu! Miaka thelathini unaleta watu hapa!"

Mwalimu akautazama ukuta. Akautazama weee. Halafu akasema, "Chura gani?"

Tukacheka! Leire, tulicheka mpaka basi, tukidhani ni yale maigizo yake. Gorka akawa anamwigiza, "Chura gani? Chura gani?"

Ndipo Mwalimu akanishika mkono, akaninong'oneza: "Dada, mama amesema atanikuta wapi?"

Mama yake! Na yeye mwenyewe ana miaka sitini na nne!

Kicheko kikanikauka mdomoni. Na Gorka huko nyuma bado, "Chura gani?" Nikamwambia afunge domo lake.

Sikujua nifanye nini. Nikakishika kidole cha Mwalimu, nikakielekeza juu taratibu, kwenye lile fuvu, mpaka akamwona.

Akapiga makofi kama mtoto wa chekechea. "Nimemwona! Nimemwona!"

Halafu akageuka huku na huku kwa woga, akanivuta karibu.

"Usimwambie mwalimu kwamba umenionyesha wewe. Atanifelisha."