Mama Mkwe Alione Ziwa

Shieywe, Jumamosi, Agosti 1965

Basi lile la kutoka Mwanza kwenda kuona wanyama Serengeti nitalipanda. Wiki nzima nimekuwa nikimwambia mke wangu Rasoa kwamba tunaingia meli kuzunguka ziwa ili tupumzike. Tukifika Mwanza, nani ashuke alfajiri, ale vumbi la Serengeti mpaka jioni, na pengine asione hata mkia wa simba?

Leo Rasoa amerudi kutoka kwao Matete na habari: mama yake amekubali kuja nasi.

Nimefurahi, kisha nikaudhika. Kwa mila yetu, mama mkwe hawezi kukaa mahali nilipo, wala kula mbele yangu. Nikiwa huko juu ya meli napunga upepo, yeye atajifungia chumbani. Hata mimi naona haya. Lakini mama wa watu hajaliona ziwa maishani mwake, na sasa alifuate mpaka ndani halafu atazame ukuta?

"Mimi nitashuka Mwanza," nimemwambia Rasoa. "Mama akae juu siku nzima."

Amecheka. "Ameshaniuliza kama utaenda. Anasema umwangalie tembo vizuri, unisimulie, halafu mimi nimsimulie."

Haya. Sasa huyo tembo lazima nimwone.