Beji Yangu Safi

Jumatatu, 3 Juni
Eksirei kumi na nne kabla ya saa sita. Mtoto kutoka Lionja kavunjika mkono, hatulii. Sheria inasema ashikwe na ndugu. Mama yake ana mimba kubwa, bibi kabaki shambani kwenye ufuta. Nikavaa aproni ya risasi ya kuzuia mionzi nikamshika mwenyewe, kama siku zote. Nesi akabonyeza mashine. Beji yangu ya kupimia mionzi ikabaki kwenye droo. Ikisoma juu wataniondoa, na mpiga picha hapa ni mimi peke yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Nina mimba. Miaka sita ya ndoa, mawifi wamenisema mpaka wamechoka. Mume wangu kacheka hadi kashika ukuta. Mkunga kanipapasa: miezi minne. Minne! Nami nilidhani ni vidonda vya tumbo.
Nimejaribu kuhesabu watoto niliowashika tangu Februari. Nimeishia njiani. Naogopa.

Jumanne, 11 Juni
Ruangwa, mafunzo ya usalama wa mionzi. Wapiga picha wenzangu, na vijana wa migodini wanaotumia vipimo vya mionzi. Mkufunzi kasoma matokeo ya beji zetu. Yangu safi kuliko zote. Wakanipigia makofi, wakaniingiza kwenye kundi lao la wasap. Wananiita Mwalimu. Chai imenishinda. Aibu tupu.

Jumatano, 12 Juni
Mapumziko nimemfuata mkufunzi, mama mtu mzima. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.
"Aproni imekusaidia, mwanangu, huenda sana. Lakini mtoto kapata kiasi gani, ningesoma kwenye beji. Sasa nitasoma wapi?"
Mjinga mimi! Mficha uchi hazai, bibi alikuwa akisema. Nimechukia hata kuikumbuka.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemwandikia mganga mkuu ukweli. Kanitoa chumba cha picha palepale. Kimefungwa hadi aje mwingine. Lini, hajui.

Alhamisi, 20 Juni
Niko masjala, napanga mafaili. Mama katoka Kilimarondo na mtoto mgongoni, mguu wa mtoto umevimba. Kaambiwa aende Lindi kupiga picha. Akanijua.
"Dada, si wewe uliyempiga picha kaka yake?"
Nikasema ni mimi. Akasubiri niinuke. Sikuinuka. Kaondoka bila kuaga.
Saa tisa mtoto akacheza tumboni, mara ya kwanza. Nikaweka mafaili chini, nikangoja acheze tena.